Shangazi, dawa ya mwanangu nimeificha kwenye kopo la biskuti

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Geita, na sasa nina mimba ya miezi minne. Mtoto wa kwanza ni binti wa miaka 9, mzima kabisa. Wa pili ni mvulana wa miaka 6, ana selimundu. Tuligundua akiwa na miezi 8. Vidole vya mikono na miguu vilivimba ghafla kama ndizi, ukimgusa analia mpaka sauti inakatika. Zahanati walidhani ameanguka. Baadaye tukapelekwa hospitali ya rufaa, wakampima damu, wakatuambia ni SS.

Tangu hapo kuna mfuko umefungwa tayari mlangoni kwetu: khanga mbili, chupa ya chai, kadi ya kliniki. Mwaka jana peke yake amelazwa mara tano na kuongezewa damu mara mbili. Maumivu yakimwanza usiku anashika mguu wake wa kulia ananiuliza, "Mama, yataisha saa ngapi?" Sina la kumjibu.

Miezi mitatu iliyopita daktari alituandikia haidroksiurea. Nikaanza kumpa. Wiki ya pili jirani yangu, ambaye aliwahi kumuuguza baba yake, akaona kile kiboksi akashtuka. Akasema hiyo ni dawa ya saratani na inaua mbegu za uzazi, mtoto wa kiume ukimpa hatakuja kuitwa baba. Nilitetemeka, Shangazi. Nikaiweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Kliniki nasema anakunywa. Mume wangu hajui.

La pili, mume wangu ameona kwenye simu kwamba selimundu siku hizi inapona kabisa kwa kurekebisha jeni. Amempata wakala anayesafirisha wagonjwa kwenda India, ambaye anasema kwa shilingi milioni 45 mtoto atarekebishwa jeni na kurudi mzima. Tuna kiwanja kimoja tu, ndicho tulichotegemea kujenga. Mnunuzi yupo, anataka jibu mwisho wa mwezi.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Mama mkwe anasema ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa huu, nimeuleta mimi, kwetu kuna deni la mizimu halijalipwa. Mume wangu hasemi kitu. Ila tangu nipate mimba hii amehamia kulala chumba cha mbele, na wiki iliyopita aliniuliza, "Tukipata mwingine kama huyu itakuwaje?"

Naomba unieleze kama unavyomweleza mwanao. Ugonjwa huu unafanya nini ndani ya mwili wa mtoto wangu? Dawa nimpe au nisimpe? Kiwanja tuuze?

Mama wa wawili, Geita

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Nilipofika pale kijana anapouliza yataisha saa ngapi, niliiweka barua chini nikatoka uani kwanza. Nimekuwa muuguzi miaka 27, na 19 kati ya hiyo nimeifanya kwenye kliniki za watoto wenye selimundu. Swali hilo nimelisikia kwa watoto wengi na sijawahi kulizoea.

Majibu nakupa mwanzoni kwa sababu mnunuzi anangoja. Kiwanja msiuze. Dawa mtoto arudi kuitumia, ila upite kliniki kwanza, na sababu nitakwambia. Majibu haya mawili yana mzizi mmoja. Ile tiba aliyoiona mumeo kwenye simu na hizo kapsuli zilizo juu ya kabati zinapita mlango uleule ndani ya mwili wa mtoto wako. Nataka uujue mlango huo, ili hata nikiwa sipo usitetereke.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, protini iliyojaa ndani ya seli nyekundu, kazi yake kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuigawa mwilini. Kila himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una viungo 146. Kwa mwanao, viungo 145 viko sawasawa kabisa. Kilichobadilika ni kiungo cha sita tu: palipotakiwa kuwa na asidi ya glutamiki imekaa valini, na chanzo chake ni herufi moja kwenye maandishi ya jeni. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni ya aina nyingine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akakipata kiungo chenyewe.

Herufi moja inawezaje kumlaza mtoto mara tano kwa mwaka? Himoglobini hiyo ikiwa imebeba oksijeni haina tatizo. Tatizo linaanza ikishaishusha. Hapo umbo lake linageuka kidogo, ile valini inakuta kishimo kwenye himoglobini ya jirani na kunasa humo. Jirani naye ananasa kwa mwenzake. Zinajipanga nyuzi, na nyuzi zinajisokota pamoja kama katani inavyosokotwa kuwa kamba. Kamba hizo ngumu zinaisukuma seli kutoka ndani mpaka inapinda kama mundu; jina la ugonjwa limetoka hapo. Seli yenye afya ni laini, inajikunja ikapenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Iliyopinda haikunjiki. Inakwama, nyingine zinajazana nyuma yake, seli nyeupe nazo zinagandia kwenye kuta za mshipa, na upande wa mbele unakosa oksijeni. Kwa hiyo anaposhika mguu wake wa kulia usiku, kuna mfupa ulio hai unaonyimwa hewa. Ni maumivu ya kweli, makali mno, na asije mtu yeyote akamwambia anadeka.

Kuna jambo jingine hapa nataka ulijue, maana liko mikononi mwako kila siku. Kamba hizo hazisokotwi papo hapo. Tangu oksijeni ishuke mpaka nyuzi zianze kujipanga kuna muda wa kungoja, na seli nyingi huwahi kurudi mapafuni kuchukua oksijeni kabla muda huo haujaisha, zisipinde. Ni mbio zinazokimbiwa ndani ya mwili wake kutwa kucha. Kinachoamua mbio hizo kuliko vingine ni jinsi himoglobini ilivyosongamana ndani ya seli. Mtoto akikaukiwa maji, seli zinanywea, himoglobini inabanana, na ule muda wa kungoja unafupika sana hata kama maji yaliyopungua ni kidogo. Akipigwa na baridi, mishipa inabana, damu inakwenda polepole, seli inachelewa njiani. Ndiyo maana kila kliniki tunawachosha kwa maneno yaleyale: maji, sweta, asioge maji ya baridi alfajiri, na homa isilale nyumbani.

Upungufu wa damu nao una sababu yake. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Ya mwanao huishi kati ya 10 na 20 tu, kwa kuwa kupinda na kunyooka kila mara kunaichosha mpaka inapasuka. Uloto wake, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, unafanya kazi bila kupumzika na bado haufikii. Ule umanjano wa machoni unatokana na mabaki ya seli zilizopasuka. Usimpe dawa za mitishamba za manjano kwa ajili hiyo.

Sasa rudi kwenye ile miezi 8. Umewahi kujiuliza kwa nini hakuvimba vidole akiwa na wiki mbili? Jeni alikuwa nayo tangu tumboni. Daktari mmoja wa New York, Janet Watson, alijiuliza jambo hilo mwaka 1948. Aliona kwamba damu ya watoto wachanga waliorithi himoglobini hii haipindi sana, akapendekeza kuwa kinachowalinda ni himoglobini waliyotoka nayo tumboni. Alikuwa sahihi. Mtoto akiwa tumboni hatumii sana mnyororo wa beta, ana mwingine uitwao gama. Himoglobini ya gama haina ile valini, na ikichanganyika na ile inayonasa, inaikata kamba katikati: uzi ukiifikia hauendelei. Baada ya kuzaliwa, mwili unafunga taratibu koki ya himoglobini ya tumboni na kufungua ya ukubwani. Ifikapo miezi 6 hivi, sehemu kubwa ya kinga hiyo imekwisha. Miezi miwili baadaye vidole vya mwanao vikavimba.

Wapo watu mashariki mwa Saudi Arabia wenye SS kama mwanao, lakini koki yao haikufungwa sawasawa. Wanabaki na himoglobini ya tumboni kwa wingi mpaka ukubwani, na kwa kawaida ugonjwa wao ni mwepesi. Kwa hiyo swali lililowakesha wanasayansi likawa hili: nani anafunga koki? Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliolinganisha jeni za watu wengi, wakiwemo wakazi wa kisiwa cha Sardinia, waliona alama kwenye jeni iitwayo BCL11A. Mwaka huohuo wa 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin, huko Boston, wakaonyesha kwamba ni yeye hasa, BCL11A ndiye mfungaji. Ukimdhoofisha, koki inafunguka tena.

Hiyo ndiyo tiba ya kwenye simu ya mumeo. Inaitwa Casgevy, na watu wengi hawajui kwamba haigusi kabisa ile herufi iliyoharibika. Madaktari wanachukua seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, wanazipeleka maabara, na kwa mkasi wa CRISPR, chombo cha kukata jeni, wanakata mahali panapoiamsha BCL11A ndani ya seli za damu. Kisha wanazirudisha mwilini. Uingereza iliiruhusu Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huohuo. Katika jaribio lililopelekwa mbele ya mamlaka ya dawa ya Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na maumivu makali. Siku nilipoisoma habari hiyo nililia, mwanangu, kwa furaha na kwa kuwakumbuka watoto niliowafunika shuka.

Lakini sasa mpime huyo wakala kwa mizani hiyohiyo. Tiba hiyo ilipopitishwa, iliruhusiwa kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Mwanao ana 6. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5, na hapo gharama za kulazwa hazijahesabiwa. Milioni 45 haifiki hata asilimia 1 ya hiyo. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuufuta uloto wa zamani, busulfani, akakaa hospitali wiki nyingi bila kinga. Na busulfani, mwanangu, ndiyo inayojulikana kwa kudhuru uzazi. Ile hofu aliyokupa jirani inaihusu zaidi tiba ya kuuzia kiwanja kuliko kapsuli ulizozificha.

Ni kweli India kuna hospitali zinazofanya upandikizaji wa uloto, na wamewasaidia watu. Ila hilo ni jambo jingine, lina mtoaji wa uloto na vipimo vyake. Mtu anayekwambia "tunarekebisha jeni" kwa mtoto wa miaka 6 hakuelewi wala haelewi anachokiuza. Mumeo amwombe barua kutoka kwa daktari wa huko, yenye jina la matibabu, na aipeleke kwa daktari wenu wa kliniki aisome kabla ya shilingi moja kutoka.

Sasa tushushe kopo.

Haidroksiurea inapunguza mwendo wa seli za uloto kujigawa. Uloto ukibanwa hivyo unaharakisha kutoa seli changa, na seli hizo changa zinakuja na himoglobini ya tumboni. Yaani koki ileile. Haifunguki yote kama kwa mkasi, ila inalegea, na kamba zinaanza kukatika katikati. Isitoshe, dawa hii inapunguza seli nyeupe zinazogandia kwenye mishipa. Ni kapsuli ya kumeza nyumbani, mtoto anakwenda shule.

Mwaka 1995 jaribio la watu wazima 299 huko Marekani na Kanada lilionyesha kwamba vipindi vya maumivu vinapungua karibu nusu. Kwetu watu waliendelea kuogopa: watoto wetu wana malaria, wana lishe duni, dawa hii si itawamaliza? Likafanyika jaribio la REACH, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 walipewa dawa hii Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Kabla ya dawa, kwa kila watoto 100 kwa mwaka palikuwa na vipindi vya maumivu kama 98. Vikashuka hadi 45. Kuongezewa damu kukashuka kutoka 43 hadi 14. Vifo vikashuka kutoka karibu 4 hadi 1. Na malaria, ile tuliyoiogopa, ikapungua kwa nusu. Hao ni watoto wa Kilifi na Mbale, wanaolala kwenye chandarua kama cha mwanao na kuumwa na mbu walewale.

Jirani yako hakukudanganya kuhusu saratani. Dawa hii ilianzia huko na bado inatumika huko. Kinachotofautiana ni kiasi cha dawa na lengo. Mwanao anapewa kwa uzito wake, kwa kiwango cha kuulegeza uloto, tena kwa kupimwa. Kuhusu mbegu za uzazi, ni kweli mwanaume mtu mzima akiitumia mbegu zake zinaweza kupungua, na ni kweli pia kwamba selimundu yenyewe inaziharibu hata bila dawa. Watafiti wa Ufaransa waliwapima vijana walioitumia wakiwa watoto, kabla ya balehe, wakawalinganisha na wagonjwa wenzao ambao hawakuitumia. Matokeo yao ya mwaka 2021 hayakuonyesha kwamba dawa iliwaongezea madhara. Mwanao akikaribia balehe, mzungumze na daktari upya. Kwa leo, kinachonitisha ni maisha yake kabla hajaifikia balehe yenyewe.

Na sasa ile sababu ya kupita kliniki kwanza. Umekuwa ukiwaambia anakunywa. Daktari anapandisha dozi hatua kwa hatua kwa kuangalia picha kamili ya damu: seli nyeupe, chembe sahani, himoglobini. Akiona damu haijabadilika na wewe unasema anakunywa, ataongeza dozi. Siku utakayoogopa ukaamua kumpa, utampa dozi iliyopandishwa kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa anakunywa. Hapo ndipo dawa hii nzuri inaweza kumdhuru. Nenda na kopo lenyewe. Waambie, "Niliogopa, nikaacha tangu wiki ya pili." Nimeambiwa maneno hayo na akina mama wengi na sijawahi kumgombeza hata mmoja. Atakayekugombeza, wewe baki na msimamo wako, dozi ianze upya chini, damu ipimwe.

Halafu, kwa kuwa una mimba, kapsuli hizo usizifungue wala kuzikoroga kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au mumeo afanye kazi hiyo. Asidi ya foliki aendelee nayo, na dawa ya kuzuia malaria kama kliniki ilivyoagiza.

Kabla sijasahau: kutoka Geita, Mwanza si mbali. Omba rufaa hospitali ya Bugando, aangaliwe kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo kwa altrasaundi. Haiumi, ni kifaa kinachowekwa kando ya paji la uso. Damu ikikimbia kupita kiasi maana yake mshipa umesinyaa na kiharusi kinanyemelea. Huko Bugando wamekwisha kufuatilia watoto wa Kanda ya Ziwa kwa njia hiyo, na haidroksiurea ilishusha kasi hiyo. Kiharusi kwa mtoto wa miaka 6 kinamwibia shule na usemi kwa asubuhi moja. Usingoje dalili.

Nije kwenye ukoo. Mtoto hawezi kuwa SS bila kurithi S moja, yaani jeni ya selimundu, kwa mama na S moja kwa baba. Hakuna njia ya mkato. Kwa hiyo mumeo anayo na wewe unayo, kila mmoja wenu ni AS, yaani ana S moja na A moja ya kawaida, wazima wote wawili. Mkipimwa mtaona kwa macho yenu. Kanda yenu ya Ziwa, vipimo vya watoto wachanga vilionyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 5 ni AS. Tanzania nzima wanazaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Ukoo wa mama mkwe unaposema haujawahi kuuona, sidhani kama wanasema uongo. Zamani watoto hawa walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, wakaitwa wa homa, wa degedege, wa kuishiwa damu. Hakuna aliyewapima. Muulize kwa upole kama mama yake aliwahi kuzika watoto wadogo, na wangapi.

Na hilo deni la mizimu, mwambie ukweli ambao naamini utamgusa. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, akaona AS wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na nyanda za juu zenye baridi karibu hakuna. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mwenye AS anakingwa na malaria kali. Ziwa lenu lina mbu. Bibi na babu zenu, wake na wako, walivuka utoto wao salama penye malaria kwa sababu walibeba S moja. Jeni iliyowabakiza hai ndiyo iliyowafikia ninyi. Kilichomwelemea mjukuu wake ni kwamba zimekutana mbili.

Mimba hii nayo ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Mtoto aliyetangulia hakuongeza wala hakupunguza hesabu hiyo. Usisubiri vidole vivimbe: akizaliwa, apimwe mapema. Akiwa SS ataanza penisilini ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Jaribio la Marekani la mwaka 1986 lilionyesha kuwa dawa hiyo ya bei nafuu inapunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Mtoto anayejulikana tangu mwanzo ana njia tofauti kabisa na ile aliyopita kaka yake. Mwambie hivyo mumeo usiku, mkiwa wawili. Nadhani mtu anayehamia chumba cha mbele ana hofu ambayo hajaweza kuitamka.

Na mkitaka kweli tiba ya kumaliza ugonjwa, anzieni kwa binti yenu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mwenzake kwa ajili ya kutoa uloto, na hata akiwa AS anaweza kutoa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023. Waulizeni madaktari wenu kama mwanenu anastahili, na rufaa inakwendaje. Upandikizaji una hatari zake na dawa zake kali, lakini ni mazungumzo mnayoweza kuyafanya kwa Kiswahili, na daktari mtakayerudi kwake wiki ijayo.

Siku ya kwenda kliniki mchukueni na mama mkwe. Yeye ndiye anayekaa na mtoto ukienda sokoni. Mwombe muuguzi amshike mkono, auweke chini ya mbavu za kushoto za mjukuu wake, amwonyeshe bandama liko wapi na limefika wapi, achore mstari kwa kalamu. Kila asubuhi yeye ndiye aliguse. Siku likivuka mstari, mtoto akapauka viganja na kulegea, asingoje mtu arudi: ambebe, aende hospitali saa hiyohiyo. Na mtoto mchanga akija, akiwa SS, mkono huohuo ndio utakaomkagua.